Kufundisha Kiingereza Japani: Mgeni Anayeajiriwa kwa Sauti Yake

Mwaka 1987 serikali ya Japani ilianzisha mpango uitwao JET, ambao kila mwaka huwaajiri vijana wenye shahada kutoka nchi za nje, wengi wao kwa ajili ya kusaidia kufundisha Kiingereza katika shule za umma. Kundi la kwanza lilikuwa na watu 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Chimbuko la mpango huo halikuwa darasani, kwani katika miaka hiyo Marekani ilikuwa ikilalamika kwamba Japani huuza sana nje na kununua kidogo, na serikali ya Waziri Mkuu Nakasone Yasuhiro ilihitaji kuonyesha kwamba nchi yake iko tayari kuwapokea wageni hadi vijijini. Asiyezingatia asili hiyo ya kidiplomasia hawezi kuelewa kwa nini mwombaji wa kazi hiyo hadaiwi cheti cha ualimu wala ujuzi wa Kijapani.

Cheo chake ni mwalimu msaidizi wa lugha, yaani mtu anayeingia darasani pamoja na mwalimu wa Kijapani ambaye ndiye mwenye somo. Kwa nadharia wawili hao hufundisha bega kwa bega, lakini kwa vitendo kila kitu humtegemea mwenyeji: wapo wanaoandaa somo pamoja na mgeni wao, na wapo wanaomtaka asome aya ya kitabu kwa sauti, darasa limfuatishe, kisha akae pembeni, na ndiyo maana wasaidizi hao hujifananisha kwa utani na kinasa sauti. Si haki kumlaumu mwenyeji peke yake. Mbele yake ipo mitihani ya kuingia sekondari ya juu na chuo kikuu, ambayo kwa muda mrefu imepima sarufi, msamiati na ufahamu wa maandishi kuliko mazungumzo, na wazazi humhukumu kwa matokeo hayo. Katika shule za msingi, ambako Kiingereza kilifanywa somo rasmi la darasa la tano na la sita mwaka 2020, mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa huko mara nyingi anayefundisha ni mwalimu wa darasa ambaye hakubobea katika lugha hiyo, na msaidizi hujikuta akibeba sehemu kubwa ya kipindi.

Jambo linalowatatiza wageni wengi ni ukimya. Mwanafunzi anayeulizwa swali huweza kunyamaza, akageuka kunong'onezana na jirani yake, na ndipo akajibu, au asijibu kabisa. Mgeni aliyezoea mikono inayonyooshwa kwa kugombea nafasi hudhani kwamba watoto hawajui au hawataki, ilhali mara nyingi wanachokwepa ni kukosea mbele ya wenzao au kuonekana wanajitanguliza. Msaidizi aliyelitambua hilo huwapa dakika moja ya kushauriana wawili wawili kabla ya kumtaja yeyote, na sauti husikika.

Nje ya kipindi kuna shule nyingine ya kujifunza. Mgeni huvua viatu mlangoni na kuvaa vya ndani. Katika shule nyingi za msingi hula chakula cha mchana darasani pamoja na watoto, ambao hupakua wenyewe wakiwa wamevaa aproni na kofia nyeupe, na hakuna anayegusa sahani yake kabla ya wote kutamka pamoja neno la shukrani. Baadaye wanafunzi hushika mifagio na matambara, na walimu hushiriki usafi huo. Ofisi ya walimu ni chumba kimoja kikubwa, meza zikielekeana kwa makundi, naibu mkuu wa shule akiwa mahali anapowaona wote. Kwa kuwa wengi hufika mwishoni mwa Julai au Agosti, wakati wanafunzi wako likizo lakini walimu wanaendelea kuripoti kazini, siku za mwanzo za msaidizi huweza kupita kwenye meza tupu, bila mwanafunzi hata mmoja.

Mkataba ni wa mwaka mmoja na hauwezi kupita jumla ya miaka mitano, hivyo hii si kazi ya kuzeekea. Aidha, katika sehemu hiyo ya Asia mlango hufunguliwa kwa pasipoti kabla ya ujuzi: Korea Kusini, yenye mpango wake wa namna hii tangu 1995, kwa kawaida hutoa viza ya mwalimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi saba tu, yaani Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Katika hiyo ya mwisho, anayetumia Kiingereza kama lugha ya nyumbani ni chini ya mtu mmoja kati ya kumi, lakini raia wake huweza kuomba. Mwalimu wa Kenya au Uganda, aliyesomea ualimu na kufundisha kwa Kiingereza miaka yote ya kazi yake, hayumo katika orodha hiyo.