Siku Sita za Kimya

Tarehe 20 Aprili 2011 Sony ilizima mtandao wake wa PlayStation duniani kote. Wachezaji waliowasha mashine zao siku hiyo hawakuambiwa sababu. Tarehe 22 kampuni ikakiri kwamba kuna mtu wa nje aliyeingia kwenye mifumo yake. Ilipofika tarehe 26 ndipo ikasema lililokuwa zito zaidi: kati ya tarehe 17 na 19 wadukuzi walikuwa wamefikia majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, barua pepe na nywila za akaunti zipatazo milioni 77, na huenda hata namba za kadi za benki. Tarehe 1 Mei, jijini Tokyo, Kazuo Hirai, mkuu wa tawi la gemu la Sony, na viongozi wenzake walisimama mbele ya waandishi wa habari wakainama kuomba radhi. Mtandao ulianza kurudi tarehe 14.

Wachezaji wengi walikasirika kwa kukosa gemu kwa zaidi ya wiki tatu. Hasira hiyo naielewa, lakini sisi tunaoshughulika na usalama wa data tunaliona jeraha kubwa kwenye zile siku sita, kati ya tarehe 20 na 26. Kati ya wizi na taarifa kuna kipindi ambacho mwizi anajua na mwenye mali hajui. Mwenye mali akijua, ana la kufanya: atabadili nywila, ataifunga kadi, atamwonya mwenzake. Asipojua, nywila yake ileile inaendelea kufungua barua pepe yake, na kupitia barua pepe inafungua kila kitu kingine.

Nakivale, nchini Uganda, iko mbali na seva za Sony. Ni makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa jiji la Mbarara, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Wanyarwanda, na leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, zaidi ya watu laki moja na nusu. Gemu zimefika huko siku nyingi. Vijana wa Base Camp na Rubondo wanacheza Free Fire na eFootball kwenye simu. Aliyeko Mbarara akiwa na hela kidogo anaingia kwenye banda la PlayStation na kulipia mechi. Nani basi anajali data za kijana asiye na kadi ya benki? Mwizi anajali. Hahitaji kadi. Anahitaji barua pepe, nywila na namba ya simu, na hivyo vitatu kijana wa Nakivale anavyo kama anavyo kijana wa London.

Nianze na nywila, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapoibiwa bila kuelewa. Kampuni makini haihifadhi nywila yenyewe. Inaipitisha kwenye hesabu ya upande mmoja, na kinachobaki kwenye seva ni mfuatano wa herufi na namba usiofanana hata kidogo na ulichoandika. Ni kama mahindi yaliyopita kwenye mashine ya kusaga: unga unao, lakini punje huzirudishi tena. Ukiingia kesho, seva inasaga ulichoandika na kulinganisha unga kwa unga. Sony ilieleza kwamba nywila za wachezaji zilikuwa zimehifadhiwa hivyo.

Shida ni kwamba mwizi naye ana mashine hiyohiyo. Anachukua orodha ya nywila ambazo watu huzipenda, yaani 123456, jina la timu, jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, anazisaga mamilioni kwa mamilioni na kutazama unga upi unafanana na alioiba. Aliyeandika jina la Arsenal na mwaka aliozaliwa hana siri tena. Mifumo mizuri huchanganya herufi za nasibu kwenye kila nywila kabla ya kuisaga, ili watu wawili waliochagua neno moja wasifanane. Zynga, kampuni ya Words With Friends, ilifanya hivyo, lakini kwa kutumia hesabu ya zamani ya SHA-1 ambayo kompyuta za leo huimaliza kwa kasi ya kutisha. Septemba 2019 ilidukuliwa, na akaunti zipatazo milioni 173 zikatoka, baadhi zikiwa na namba za simu. Hizo ni gemu za simu. Hazikuhitaji mashine ya PlayStation wala kadi.

Juni 2011 kundi lililojiita LulzSec liliingia kwenye tovuti za Sony Pictures na kumwaga nywila ambazo hazikuwa zimesagwa hata kidogo. Mtaalamu wa Australia, Troy Hunt, alizichukua akazilinganisha na nywila zilizowahi kuvuja kutoka kampuni nyingine kabisa, Gawker. Kwa wale waliokuwa na akaunti pande zote mbili, wapatao theluthi mbili walitumia nywila ileile. Walikuwa watu wachache, lakini matukio yaliyofuata hayakumsuta. Mwaka 2020 Nintendo ilitangaza kwamba akaunti zipatazo 160,000, na baadaye 300,000, zimeingiliwa, huku ikisema majina na nywila zilizotumika havikutoka kwenye seva zake. Kuna watu waliokaa na orodha zilizovuja kwingine wakazijaribu mlango kwa mlango, kazi ambayo kompyuta huifanya usiku kucha bila kuchoka.

Sasa turudi Isingiro, kwa sababu hapa mambo yana sura yake. Mtu ananunua simu yake ya kwanza dukani Mbarara. Simu inadai akaunti ya Google, mnunuzi hana, na muuzaji anamfungulia palepale kwa nywila anayoijua yeye muuzaji. Mnunuzi anaondoka na simu. Ufunguo unabaki dukani. Mara nyingi hakuna nia mbaya, ni haraka ya biashara tu. Lakini Free Fire ya kijana huyo imefungwa kwenye akaunti ambayo si yake kikamilifu. Ikitekwa hana pa kuirudisha, maana hajui hata barua pepe yenyewe inaitwaje. Vivyo hivyo kwa simu inayoachwa kutwa nzima kwenye kibanda cha kuchajia bila kufungwa kwa namba ya siri.

Kisha kuna laini. Kwa muda mrefu wakimbizi wengi nchini Uganda walitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la jirani, la bosi, au la mtu wasiyemjua, kwa kuwa usajili ulidai kitambulisho cha taifa au karatasi ambazo mkimbizi mgeni hana. Mwaka 2019 serikali iliruhusu wasajiliwe kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Ulikuwa uamuzi mwema. Hata hivyo laini za zamani hazikubadilika zenyewe. Na leo namba ya simu ndiyo kitambulisho cha kila kitu: ukisahau nywila, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini. Aliyesajiliwa kwenye laini anaweza kwenda kwenye duka la kampuni ya simu, akasema imepotea, akapewa nyingine. Tangu dakika hiyo gemu, WhatsApp na barua pepe zako zinazungumza naye. Pesa zilizoko kwenye MTN MoMo au Airtel Money zinalindwa na PIN pekee, na PIN iliyotungwa kutokana na tarehe ya kuzaliwa ambayo imeshavuja na akaunti ya gemu haimlindi mtu.

Kuna pia habari ya Facebook. Serikali ya Uganda iliifunga Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na vijana wengi walikuwa wakiingia kwenye gemu zao kwa akaunti ya Facebook. Ili wasipoteze almasi na silaha walizozikusanya, wakaendelea kutumia VPN, na wengi wakachagua za bure. VPN hupitisha kila unachotuma kwenye seva za mtu mwingine. Anayeimiliki anaona unaongea na nani mtandaoni, na programu yake, ukiipa ruhusa zote inazoomba, inaona zaidi ya hayo. Aliye kwenye hali hiyo afungue gemu wakati bado anaweza kuingia na, kama gemu inaruhusu, aiunganishe na akaunti ya Google aliyoifungua kwa mkono wake mwenyewe. Na zile kurasa zinazoahidi almasi za bure ukiandika barua pepe na nywila yako, hakuna hata moja niliyowahi kuiona iliyo ya kweli.

Wachezaji wa PlayStation wana adha nyingine. Unapofungua akaunti, Sony inakutaka uchague nchi, na Uganda haimo kwenye orodha. Kijana wa Mbarara anachagua Afrika Kusini au Marekani na kubuni anwani. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wanaotumia kompyuta waunganishe akaunti zao za PlayStation, gemu iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma hiyo, kabla ya hasira za wachezaji kuilazimisha kampuni kuliacha sharti hilo ndani ya siku chache tu. Adha ya anwani ya kubuni huja baadaye: akaunti ikitekwa, utaulizwa maelezo uliyojaza, nawe hukumbuki mtaa wa Johannesburg ulioutunga miaka minne iliyopita. Uongo mliolazimishwa kuusema uandikeni mahali salama.

Uganda yenyewe imekwisha kuonja. Mapema Oktoba 2020 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha benki na mitandao ya simu, na uhamishaji wa pesa kati ya MTN, Airtel na benki ukasimamishwa. Vyombo vya habari viliripoti kwamba laini zipatazo 2,000 zilitumika kutolea pesa. Benki ya Stanbic, MTN na Airtel zilitoa tamko la pamoja kwamba mtoa huduma wa tatu amepata tukio la kimfumo na kwamba salio za wateja hazikuguswa. Mteja aliyesoma maneno hayo hakuweza kujua kama ni hitilafu ya umeme au wizi. Lugha ya namna hiyo inaudhi. Sony nayo bado huitumia: Februari 2025 mtandao wa PlayStation ulizimika kwa takriban siku nzima, Sony ikaeleza kwa ufupi kuwa ni tatizo la kiutendaji na kuwaongezea siku tano wanachama wanaolipia. Waliokumbuka 2011 walikuwa na haki ya kuuliza zaidi.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika data za watu aiarifu mamlaka mara moja data hizo zinapofikiwa na asiyehusika, na malalamiko hupelekwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Naona mapengo mawili. La kwanza, anayeambiwa mara moja ni mamlaka. Mwenye data ataambiwa mamlaka ikiamua kwamba aambiwe. La pili linawagusa watu wa Nakivale moja kwa moja. Kwa kampuni zilizo ndani ya Uganda sheria inamlinda kila mtu, raia na mgeni. Kwa kampuni iliyo nje ya nchi, kama zilivyo karibu zote za gemu, sheria inataja data za raia wa Uganda. Vijana wawili waliocheza pamoja banda moja Mbarara, data zao zikaibwa siku moja, hawasimami sawa mbele ya sheria. Bunge linaweza kulirekebisha hili kwa kubadili maneno machache.

Kwamba mambo yanaweza kufanywa vizuri tumeshaona, tena kwa watu walio kwenye hali kama ya Nakivale. Tarehe 18 Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba seva zake zimeingiliwa. Ndani yake mlikuwa na taarifa za watu zaidi ya 515,000: waliotenganishwa na familia zao kwa vita, waliopotea na wanaowatafuta, waliofungwa. Zilikuwa zimekusanywa na vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Yeyote aliyewahi kutoa jina la mama yake aliyebaki Kivu au Bujumbura anajua uzito wa data hizo. Kosa lilikuwapo, nalo shirika lililikiri: programu moja ilikuwa haijasahihishwa kwa wakati, na wadukuzi walikuwa ndani tangu tarehe 9 Novemba. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Uingereza nayo, ilipoitoza Sony faini ya pauni 250,000 Januari 2013, ilisema shambulio la 2011 lingezuilika kama programu zingekuwa zimesasishwa.

Tofauti iko kwenye yaliyofuata. Shirika lilitangaza siku iliyofuata ugunduzi. Likazima mifumo ya kutafuta ndugu, likawafikia wahusika kwa simu na barua, na penye watu wasiofikika kwa njia hizo likatuma wahudumu waende wakawaambie ana kwa ana. Linganisha na siku sita za Sony, yenye barua pepe za wateja wake wote mkononi.

Nakivale ina ofisi na mashirika mengi yanayoshika majina, namba za simu, alama za vidole na picha za mboni za macho. Kila moja lijibu leo: data zikivuja, nani atampigia mkazi wa Juru, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali, na atamwambia abadili nini kwanza? Majibu hayo, pamoja na orodha ya namba, yawe yamechapishwa kwenye karatasi na kufungiwa kabatini kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa siku hiyo kompyuta zenye orodha ndizo zitakazokuwa zimezimwa.