Kinyama Kisafiri, Mgonjwa Abaki Nyumbani

Majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe wa mama yamefika, na mstari wa mwisho unasema: seli ndogo za duara, fanyeni imunohistokemia. Usiku huohuo familia, hapa Juba, inakaa kikao. Nani ana ndugu Kampala? Ng'ombe wangapi wauzwe? Ninaomba ng'ombe wasiguswe usiku huo, maana kinachotakiwa kusafiri kwanza si mama.

Kipimo chenyewe kinaeleweka. Kinyama hugandishwa ndani ya nta kikawa bloku, kikakatwa vipande vya unene wa maikromita 3 au 4, kisha kikamwagiwa kingamwili inayoshika protini ya aina moja tu. Ikishika, rangi inajitokeza. Hadubini ya kawaida inaona umbo la seli, na maumbo hufanana mno. Kingamwili inaeleza seli ilikotoka. Kingamwili ya CD45 ikishika, mtaalamu anaelekea kwenye limfoma. Ikishika CD20 pia, hiyo ni limfoma ya seli B, na rituximab inakuwa dawa ya kuzungumziwa. Keratini ikishika, njia ni nyingine kabisa. Madoa ya zambarau kwenye ngozi ya mtu mwenye VVU yakileta utata, kuna kingamwili ya kirusi cha HHV-8 inayothibitisha sarkoma ya Kaposi.

Bei mara nyingi huhesabiwa kwa kila kingamwili, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Ukiagiza 10 kwa mkupuo, unalipia 10, hata kama 4 za kwanza zilitosha kujibu. Mwombe daktari aandike kwenye fomu umri, mahali uvimbe ulipo, umeanza lini na yeye anashuku nini, halafu mtaalamu wa patholojia aende kwa hatua. Fomu tupu humlazimu kubahatisha, na gharama ya kubahatisha kwake unailipa wewe.

Tena si kila uvimbe unahitaji kipimo hiki. Lipoma, yaani uvimbe wa mafuta, haikihitaji. Kifua kikuu cha tezi kina rangi yake ya kutafuta bakteria, na mguu wa madura, ambao ukanda wetu na Sudan unaujua vizuri, huonyesha punje zake kwa rangi za kawaida. Swali la kumuuliza daktari ni hili: jibu likija, matibabu yatabadilika? Kwenye saratani ya matiti yatabadilika, na hapo sikubali kipimo kirukwe. Vipokezi vya estrojeni vikionekana, mgonjwa anaweza kupewa tamoksifeni, kidonge cha kumeza nyumbani, cha bei ndogo ukilinganisha na dawa nyingi za saratani.

Sasa, wapi? Kampala iko karibu kwa barabara: Nimule, Elegu, Gulu, kisha mji. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago tangu 1967, na mgonjwa atakayehitaji mionzi huenda akaishia hapo, kwa kuwa Juba haina mashine ya mionzi. Hiyo ni sababu nzuri ya kupeleka bloku huko: atakayesoma jibu na atakayetibu watakuwa mji mmoja. Nairobi ina Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na maabara binafsi zinazopokea vinyama kutoka nje, na ningeichagua pale uvimbe ni wa ajabu na orodha ya kingamwili ni ndefu. India na Misri ni kwa wanaoenda kutibiwa huko hata hivyo.

Linganisha gharama zenyewe. Bloku hutoshea kwenye kiberiti, haivuji, haihitaji barafu wala pasipoti. Unalipia mjumbe na kipimo. Mgonjwa akienda mwenyewe unalipia nauli za watu wawili, kitanda, chakula, na siku au wiki za kusubiri jibu lilelile. Omba bei kwa dola na kwa maandishi, kwani paundi yetu ya Sudan Kusini haitulii. Uliza pia kama bloku itarudishwa. Idai, kwani miaka ikipita inaweza kupimwa tena bila kisu.

Lakini hakuna maabara, iwe ghali vipi, inayookoa kinyama kilichooza. Nimeona kinyama kikikaa kwenye chupa ya maji ya chumvi tangu asubuhi mpaka jioni, katika joto la Machi, na nilijua fedha ya familia ile imekwenda. Kinatakiwa kiingie ndani ya formalini ya asilimia 10, yenye bafa, kabla ya saa moja kuisha tangu kikatwe. Formalini iwe mara kumi ya ukubwa wake, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Ulizieni chupa ya formalini kabla ya upasuaji. Ikiwa haipo, nunueni. Katika safari nzima hamtatumia fedha kwa faida zaidi ya hapo.

Yuko mmoja asiyepaswa kusubiri nyumbani: mtoto mwenye taya inayovimba upesi. Limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Huyo pandeni naye gari leo, na bloku, kama ipo, muibebe mfukoni.