Mjomba wa Ughaibuni na Faru wa Kreta

Kila Desemba mji wa Karatu hujaa sura ambazo hatujaziona mwaka mzima. Mabasi ya kutoka Arusha hushusha watu na mabegi yao, na nyumba ambayo jana alikuwemo bibi peke yake, leo ina wajukuu wanaogombea godoro. Wengine hutoka Dar es Salaam au Mwanza. Mjomba wangu yeye hutoka mbali zaidi, ughaibuni, alikokwenda kusoma, akapata kazi, akaoa na kupata watoto huko huko. Wadogo zangu, nawasimulia siku moja tu ya likizo yake, ile tuliyoshuka naye Kreta ya Ngorongoro. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba hata wanyama wana ndugu ng'ambo.

Tuliondoka alfajiri. Kutoka Karatu hadi Lodoare, lango la hifadhi, barabara ni ya lami na safari si ndefu. Binamu zangu walikuwa wamevaa kaptula, maana huko kwao wameambiwa Afrika ni joto. Ukishapita lango, barabara inapanda ndani ya msitu, ukungu unatanda kwenye miti, na kule juu kwenye ukingo, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, baridi inauma kwelikweli. Bibi alikuwa amelijua hilo tangu jana yake. Alitoa mashuka mawili kikapuni, akawafunika watoto wale mabegani, kisha akawamiminia chai ya chupa. Yule mdogo alishika kikombe kwa mikono miwili, meno yakigongana.

Ukungu ulipoinuka tukaiona kreta yote. Zamani palikuwa na mlima mkubwa wa volkano mahali pale. Zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, uji wa moto uliokuwa chini yake ulitoka, kilele kikakosa cha kukishikilia, kikaporomoka kwa ndani. Shimo lililobaki lina kina cha mita 600 hivi, na sakafu yake ni kama kilomita za mraba 260. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya eneo lote la Hifadhi ya Ngorongoro, lililotengwa mwaka 1959, ambamo Wamasai na Wabarabaig wamechunga ng'ombe jirani na pundamilia na nyumbu. Mwaka 1979 UNESCO ililiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Tukashuka. Chini kuna nyati, simba, viboko, na ziwa la magadi lenye heroe. Twiga hamtawakuta, kuta za kreta ni kali mno kwao, na miti ya kuwalisha huko chini ni michache. Lakini sisi tulikuwa tunamtafuta faru, na tulimtafuta hadi macho yakachoka. Mwishowe dereva alizima injini akanyoosha kidole. Mbali, kwenye nyasi, kulikuwa na kitu cheusi tulichokidhania jiwe. Jiwe likainua kichwa. Nyuma yake akatokea mtoto, na masikio yake yakazunguka huku na huku kutafuta sauti zetu.

Binamu yangu mkubwa akauliza kama faru wote wa humu wamezaliwa humu humu. Dereva alifurahi kuulizwa, akatusimulia mambo ambayo baadaye nimeyasoma na kuyakuta ni kweli.

Katika miaka ya 1960 ndani ya kreta kulikuwa na faru weusi zaidi ya mia moja. Kisha wakaja majangili. Pembe ya faru imeumbwa kwa kitu kile kile kilichoumba kucha zako, lakini kule Yemen iliwekwa kwenye vipini vya majambia, na Asia ya Mashariki ilisagwa ikauzwa kama dawa. Faru wakauawa mmoja mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki chini ya ishirini. Ninyi mmezoea kuwaona kwenye vitabu vya shule, kwa hiyo ni vigumu kuamini walivyokaribia kwisha.

Kuwalinda waliobaki hakukutosha. Wanyama wachache wakizaana wenyewe kwa wenyewe, ndugu na ndugu, watoto wao huwa katika hatari ya kuzaliwa dhaifu. Wazee wetu wanalijua jambo hilo kwa watu, ndiyo maana kabla ya posa wanauliza ukoo. Basi faru wa Ngorongoro walihitaji damu mpya, tena ya faru wa aina yao wa Afrika Mashariki. Wangepatikana wapi?

Walikuwapo Afrika Kusini! Mwaka 1961 na 1962 faru kadhaa walichukuliwa Kenya, wakapelekwa katika Hifadhi ya Addo, wakazaana huko miaka mingi. Mwaka 1997 majike wawili wa ukoo huo wa Addo wakaletwa Ngorongoro kukaa na wenzao. Walikuwa wamezaliwa ugenini, hawajawahi kula majani ya huku, lakini walikuwa wa ukoo wa huku. Tangu hapo ulinzi umeendelea usiku na mchana, na idadi imekuwa ikipanda.

Saa sita mchana tulipumzika Ngoitokitok, penye chemchemi. Dereva alituonya tule ndani ya gari. Mjomba akatoka na chapati yake mkononi; mwewe akashuka, akainyakua, akapaa nayo kabla hatujafumba macho. Bibi alicheka hadi akashika ubavu. Hatukuwa na haraka. Watu wazima walizungumza habari za majirani waliohama na mashamba yaliyogawanywa, na sisi watoto tulihesabu viboko.

Hapo ndipo mjomba alipotuambia jambo lililonigusa kuliko yote. Alizaliwa Karatu, akasoma Karatu, na siku ile ndiyo mara yake ya kwanza kushuka kreta. Utotoni aliyaona magari ya watalii yakipita kila asubuhi, na hakuna aliyempeleka. Alipofika ughaibuni, watu waliposikia anatoka Karatu walimuuliza habari za Ngorongoro, naye akakosa la kuwaambia, huku wageni waliokuja kwa wiki moja wakimsimulia habari za nyumbani kwake.

Wengi wenu mko kama alivyokuwa yeye. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Gharama kubwa ni gari. Kwa hiyo mjomba au shangazi akija likizo na amekodi gari, msione haya kuomba nafasi, hata ya kubanana. Nanyi wazazi na walimu wa Karatu, changeni fedha za gari mwaka huu, muwapeleke watoto wakamwone faru kwa macho yao kabla hawajaenda kusimuliwa habari zake ughaibuni.