Mtihani wa Pua

"Mjomba, eti mbwa anafanya mtihani?"

Swali zuri hilo, mpwa wangu! Mtoto anayeuliza hivyo anatumia akili. Ndiyo, mbwa anafanya mtihani. Tena anaufanyia nyumbani kwao, na anafaulu.

Huko Marekani kuna chama kikubwa cha mbwa, American Kennel Club, kilichoanzishwa mwaka 1884. Kina mashindano ya kunusa. Kipamba kinatiwa mafuta yenye harufu, kinafichwa, labda ndani ya boksi moja kati ya mengi, mbwa anakitafuta. Harufu za mchezo huo ni nne, na mojawapo mnaijua hata nyie wa huku kijijini Ipelele. Karafuu! Hiyohiyo inayolimwa Pemba, ile mama anayotia kwenye pilau ya sikukuu.

UVIKO-19 ilipowazuia watu kukusanyika, chama kikaruhusu mtihani wa video. Unamrekodi mbwa wako akitafuta, unaituma video, jaji anaitazama huko aliko. Mbwa akifaulu, anapata cheo, na herufi za cheo hicho huandikwa pamoja na jina lake.

"Lakini Mjomba, video inabeba harufu?"

Haibebi! Umeuliza penyewe hasa. Jaji hanusi chochote. Hata angesimama palepale uani, pua yake isingemwonyesha kipamba kilipofichwa. Mwenye kukitafuta kwa pua ni mbwa peke yake. Sasa jaji anasahihisha nini? Tumuulize Simba, huyu mbwa wetu mlinzi.

"Nyie mnaujua moshi wa jikoni," anasema Simba. "Kwenye mafiga ni mzito. Ukifika uani, umetawanyika. Harufu kwangu ni hivyohivyo. Naenda kushoto, naikosa. Narudi kulia, naipata. Naifuata inakozidi. Naifuata, naifuata, mpaka kwenye mafiga yake!"

Umesikia? Basi jaji anausoma mwili wa Simba. Alikuwa anatembea tu, mara kichwa kinageuka ghafla. Pumzi zinakuwa fupifupi. Mkia unabadilika. Anapita boksi moja, anapita la pili, kisha anarudi kwenye lile la kwanza na kuganda. Hapo mwenye mbwa anatamka kwamba amepata.

"Na mtu akidanganya?"

Ndiyo maana video haitakiwi kukatwakatwa. Jaji anaitazama na mikono ya mwenye mbwa pia: je, anamwonyesha njia? Mimi naupenda mtihani huu kwa sababu hiyo. Mtu mzima anatakiwa kumwamini mbwa wake na kumfuata.

Usidhani ni mambo ya Marekani tu. Usa River, kule Arusha, shirika la African Wildlife Foundation hufunza mbwa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona, wakafanye kazi viwanja vya ndege na bandarini. Na si mbwa tu. Panya buku Magawa alizaliwa Morogoro, akafunzwa na shirika la APOPO, akaenda Cambodia kunusa mabomu ya ardhini. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku medali ya dhahabu. Panya wetu huyo!

"Mjomba, Simba wetu anaweza?"

Anaweza sana. Mtazame puani pembeni, pana mipasuko miwili. Pumzi anayotoa inapita huko pembeni, isiipeperushe harufu iliyo mbele yake. Wewe huna mipasuko hiyo.

Ukitaka kumfunza, anza na karafuu tano kavu. Zitie kwenye kopo lenye kifuniko, ulitoboe matundu madogo, asije akazitafuna. Mafuta ya karafuu usimpe alambe, yanamdhuru. Mwache alinuse kopo, mpe dagaa. Anuse tena, dagaa tena. Akishaelewa, lifiche nyuma ya gunia la viazi, umwachie. Usimsukume, usimwonyeshe kwa kidole. Akilipata, mpe dagaa palepale, pua ikiwa bado kwenye kopo, ajue kuwa malipo yanatoka kwenye karafuu.