Piga Hesabu ya Umeme Kabla ya Kununua Seva

Seva kuukuu za ofisini huuzwa kwa bei nafuu, na vijana wengi wanaounda programu huvutiwa nazo. Hata hivyo, gharama haiishii dukani. Seva inayotumia wati 200 bila kuzimwa humaliza uniti 4.8 za umeme kwa siku, sawa na uniti 144 kwa siku 30. Zidisha idadi hiyo kwa bei unayonunulia tokeni. Iwapo jumla inazidi ada ya mwezi ya kukodi seva mtandaoni, ni heri kukodi. Hata umeme ukikatika kwako, seva yako haizimiki. Ukiamua kununua, hakikisha imewashwa na diski zimekaguliwa ukiwapo, kisha udai risiti. Vyovyote vile, hifadhi nakala ya kazi yako mahali pengine.