Robo Lita au Robo Yuniti?

Kilo moja ya petroli imebeba nishati ya takriban wati-saa 12,000. Kilo moja ya betri ya lithiamu, hata iwe nzuri, hubeba kati ya 150 na 250. Kwa namba hizo, mashine ya betri ya kukatia majani isingepaswa kuwepo kabisa, maana petroli imeiacha mbali kwa mara 48 au zaidi. Lakini ipo, inauzwa, na kila mwaka watu wengi zaidi wanaiacha ile ya kuvuta kamba na kuichukua hii ya kubonyeza kitufe. Wanasayansi hawakupata betri inayoishinda petroli. Walipata betri inayotosha kwa uwanja wa nyumba, na kazi ya uwanja wa nyumba ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Anayetaka kununua mashine, awe na nyumba Nairobi, Arusha au Ohio, akilishika jambo hilo atakuwa amemaliza nusu ya ubishi.

Joto linakokwenda

Tuanze na petroli. Injini iliyo juu ya mashine ya majani ni mjukuu wa ile aliyoitengeneza Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876: mafuta na hewa huingia, hugandamizwa, cheche huwasha, mlipuko husukuma pistoni, na kisu huzunguka. Miaka zaidi ya 50 kabla yake, mwaka 1824, Mfaransa Sadi Carnot alikuwa ameshaonyesha kwamba injini yoyote inayotumia joto lazima itupe sehemu ya joto hilo. Hakuna fundi anayeweza kukwepa sheria hiyo.

Injini ndogo hutupa zaidi. Katika kila sehemu 100 za nishati iliyo kwenye tangi, zinazofika kwenye kisu ni kama 20, na mara nyingi hupungua hapo. Zilizobaki huishia kwenye ekzosi ya moto na kwenye mapezi ya kupozea injini. Isitoshe, kabureta yake ni ya kawaida sana, na mara nyingi huingiza mafuta mengi kuliko hewa inavyoweza kuyachoma, hivyo sehemu ya petroli hutoka nje ikiwa haijaungua. Gari lina kifaa kwenye bomba la moshi cha kusafisha gesi hizo. Mashine nyingi za majani hazina.

Ndiyo sababu mamlaka ya hewa ya jimbo la California ilipopima, ilikuta kwamba mashine ya kibiashara ikifanya kazi saa moja hutoa gesi za kuzalisha ukungu wa moshi, ule unaotanda juu ya miji, sawa na gari la Toyota Camry la mwaka 2016 likiendeshwa maili 300, yaani karibu kilomita 480. Oktoba 2021 gavana Gavin Newsom alitia saini sheria ya kusitisha uuzaji wa injini mpya ndogo za bustani zenye moshi, kuanzia matoleo ya mwaka 2024. Mwenye mashine ya zamani hakunyang'anywa. Ila kipimo hicho kisichanganywe na kile cha hewa ya ukaa: kwa hewa ya ukaa, lita ya petroli ni lita ya petroli, iungue kwenye gari au kwenye mashine ya majani. Kinachotofautiana ni ile sumu nyingine inayotoka pamoja nayo, na inatoka hatua mbili tu kutoka kwenye pua ya anayesukuma.

Mota ya umeme haina ekzosi ya kupotezea joto. Katika sehemu 100 za umeme zinazotoka kwenye betri, 80 hadi 90 hufika kwenye kisu. Hapo petroli inapoteza sehemu kubwa ya ubora wake, lakini si wote, kwa hiyo betri yenyewe ilibidi iboreshwe.

Safari ya lithiamu

Betri ya zamani ya risasi na asidi, ile ya gari, ingeweza kuzungusha kisu, lakini uzito wake ungemchosha anayesukuma. Njia ilianza kufunguka miaka ya 1970, pale Stanley Whittingham, akiwa katika kampuni ya mafuta ya Exxon, alipotengeneza betri ya lithiamu inayoweza kuchajiwa tena. Ilikuwa nyepesi na yenye nguvu, na pia iliweza kulipuka. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inaweza kuifikisha volti nne. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaiondoa lithiamu tupu, iliyokuwa chanzo cha hatari, na kuweka kaboni mahali pake. Kuanzia hapo, chembe za lithiamu zikawa zinakwenda na kurudi kati ya pande mbili kama abiria wa kivuko cha Kigamboni: zikivuka upande mmoja betri inachajiwa, zikirudi inatoa umeme, na kingo zenyewe haziliki haraka.

Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991 kwa ajili ya kamera za video. Kutoka huko ikaingia kwenye simu, kompyuta, drili ya fundi seremala, na hatimaye kwenye majani. Mwaka 2019 wanasayansi hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Goodenough alikuwa na miaka 97, na hakuna aliyewahi kuipata Nobel akiwa na umri mkubwa kuliko huo.

Kulikuwa na ugunduzi mwingine usiosifiwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walipata sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Ni sumaku ndogo yenye nguvu ya ajabu. Pamoja na saketi za kielektroniki zinazowasha na kuzima nyaya kwa zamu, ilizaa mota isiyo na brashi za kusuguana, ambayo huongeza umeme yenyewe pale majani yanapokuwa mazito na kuupunguza yanapokuwa mepesi.

Habari hii ina upande wetu pia. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, katika Lualaba na Haut-Katanga, sehemu ambazo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya machimboni. Wachimbaji wadogo wa Kolwezi huteremka kwenye mashimo yasiyo na nguzo kutafuta madini hayo, na betri isiyotoa moshi katika bustani ya mtu huwa imeshatoa vumbi mahali pengine. Zipo betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti, zisizo na kobalti wala nikeli. Ni nzito kidogo lakini hudumu zaidi na hustahimili joto vizuri. Ukikuta mashine inayotumia aina hiyo, usiipite bila kuitazama.

Piga hesabu ya uwanja wako

Chukua uwanja wa nyasi wa mita za mraba 500, yaani mita 20 kwa 25. Mashine yenye upana wa sentimita 50 hukata kama 45 kila mkupuo, kwa sababu mistari lazima ipandane kidogo. Ukitembea polepole, mita moja kwa sekunde, utamaliza kwa dakika 19. Ongeza kugeuka kwenye kona na kumwaga majani, iwe dakika 25. Mota ikila wastani wa wati 600, umetumia wati-saa 250. Hiyo ni robo ya yuniti moja ya umeme.

Injini ya petroli kwa kazi hiyohiyo itakunywa kama robo lita. Ndani ya robo lita hiyo mna zaidi ya wati-saa 2,000, na nyingi zimekwenda kupasha hewa joto. Basi linganisha mwenyewe bei ya robo lita kituoni na bei ya robo yuniti kwenye mita yako.

Betri nyingi za mashine hizi huandikwa volti na ampea-saa. Zidisha moja kwa nyingine: volti 56 mara ampea-saa 5 ni wati-saa 280. Inatosha uwanja wetu, na inabaki kidogo. Sasa badilisha uwanja uwe ekari moja, karibu mita za mraba 4,050. Utahitaji wati-saa 2,000 na ushei, yaani betri nane za namna hiyo, au betri moja na kusubiri chaji siku nzima. Mwenye petroli anahitaji lita mbili. Hapo ndipo ile tofauti ya mara 48 inaporudi kudai haki yake. Kwa ekari, kwa mteremko wenye mawe na visiki, au kwa fundi anayekata nyumba sita kwa siku, petroli bado ni chaguo la akili.

Na kwa uwanja mdogo kabisa, wa mita 50 au 100 za mraba, hakuna haja ya betri wala petroli. Mwingereza Edwin Budding alipata hataza ya mashine ya kwanza ya kukatia nyasi mwaka 1830, baada ya kuona jinsi visu vya mviringo vilivyokuwa vikinyoa manyoya ya kitambaa kiwandani. Mashine ya aina hiyo, isiyo na injini, inasukumwa kwa mikono na bado inatengenezwa.

Mvua, joto na umeme kukatika

Hesabu ile ni ya nyasi zilizotunzwa. Masika yakimwagika na nyasi zikafika magotini, sehemu kubwa ya kinachokatwa ni maji, kisu kinapambana, na betri ya dakika 40 inakata roho kwa dakika 15. Dawa ni kukata mara kwa mara. Nyasi hukua kutoka chini, karibu na udongo, ndiyo maana hazifi zikikatwa ncha. Lakini jani ndilo jiko lake la kupikia chakula kwa mwanga wa jua, kwa hiyo watunza bustani husema usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mkato mmoja. Kanuni hiyo inaipa nyasi afya, na inaipa betri nafuu.

Umeme kukatika huwatisha wengi bila sababu kubwa. Kukata majani ni kazi ya mara moja kwa wiki au mbili, na betri inaweza kusubiri umeme urudi usiku. Mwenye sola ya kutosha na inveta atairudisha robo yuniti hiyo katika saa chache za jua. Kinachoua betri ni joto, hasa ikiwa imejaa. Usiiache juani wala kwenye stoo ya mabati inayochemka mchana. Iweke ndani, ikiwa na chaji ya nusu kama hutaitumia kwa wiki kadhaa. Ndugu zetu walioko kwenye baridi ya Minnesota nao wasiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu lithiamu huganda juu ya kaboni na kuiharibu betri.

Petroli nayo ina maradhi yake. Ikikaa miezi kadhaa huchacha, ikaacha gundi kwenye kabureta. Nchini Marekani, ambako petroli nyingi huchanganywa na ethanoli inayovuta unyevu, tatizo ni kubwa zaidi. Ongeza kubadilisha oili, plagi na chujio la hewa. Lakini injini ikiharibika, fundi wa pikipiki wa mtaani ataifungua na kuitengeneza. Betri ikifa baada ya miaka kadhaa, wengi hununua nyingine, na bei yake inaweza kukaribia nusu ya bei ya mashine nzima. Hapo ndipo akiba ya mafuta huweza kumezwa.

Jambo moja la usalama: ukimya wa mashine ya betri unadanganya. Viwango vya Marekani vinaruhusu ncha ya kisu ikimbie hadi mita 96 kwa sekunde, karibu kilomita 350 kwa saa. Kabla ya kuingiza mkono chini kusafisha, chomoa betri. Kwa ile ya petroli, chomoa waya wa plagi, na usiiwashe ndani ya gereji iliyofungwa, maana hewa ya monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu na huua.

Nani anasukuma?

Katika nyumba nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, anayelipia mashine si anayeisukuma. Mwenye nyumba yuko kazini, na mtunza bustani yuko nyuma ya injini, leo hapa, kesho kwa jirani. Mashine ya petroli hufikia desibeli 90 masikioni mwake, ya betri kama 75. Namba hizo zinaonekana kukaribiana, lakini kila desibeli 10 huzidisha nishati ya sauti mara kumi, kwa hiyo tofauti hiyo ni kama mara 30. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Katika desibeli 91, masikio yasiyozibwa yana saa mbili tu kwa siku.

Kwa uwanja wa kawaida wa nyumba, basi, mimi ningechukua betri, na sababu yangu ya kwanza si bei. Ni yule anayevuta ule moshi na kusikia ile kelele. Mwenye ekari achukue petroli, na anunue vizibo vya masikio siku hiyohiyo. Vyovyote iwavyo, pima uwanja wako kwa hatua kabla ya kwenda dukani. Ukifika, muulize muuzaji maswali mawili: betri hii ina wati-saa ngapi, na ikinunuliwa peke yake ni shilingi ngapi? Akishindwa kujibu la pili, nenda duka lingine.