Canon au Nikon? Ubishi Wote Uko Mdomoni

Mkisikia Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, mnadhani huo ndio upinzani. Subirini mkutane na watu wawili wenye kamera kubwa, mmoja wa Canon na mwenzake wa Nikon. Hapo hakuna sare.

Mahali pazuri pa kuwaona ni Ras al Hadd, ncha ya mashariki ya Oman, upande wa Sur. Tangu mwaka 1996 kuna hifadhi ya kasa huko, na ufukwe wake unaojulikana zaidi ni Ras al Jinz, ambako kasa wa kijani hupanda mchangani kutaga mayai. Wageni huja kutoka kila pembe, wakiwemo jamaa zetu wa Maskati na Sur ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya nyumbani. Alfajiri utaona mikanda shingoni, huyu maandishi ya njano ya Nikon, yule mkanda wa Canon wenye wekundu. Kasa hajaonekana bado, lakini ubishi umeshaanza: eti yako inaharibu rangi ya ngozi, eti yako ni ya watalii.

Sasa kwa nini mtu mzima atetee kiwanda cha Japani ambacho hakimjui hata jina? Swali hili si la mzaha. Wengi wetu huku ughaibuni tunapigiwa simu kutoka nyumbani: "Ukija likizo niletee kamera." Ukichagua vibaya, posho ya miezi kadhaa imekwenda na maji.

Tuanze na historia kidogo. Kampuni iliyokuja kuitwa Nikon ilianzishwa mwaka 1917 kwa jina la Nippon Kogaku, ikitengeneza vioo vya darubini na vyombo vya namna hiyo. Canon ilizaliwa miaka ya 1930. Kamera yake ya kwanza kuingia sokoni, Hansa Canon ya mwaka 1936, ilitumia lenzi ya Nikkor. Nikkor ni ya nani? Ya Nippon Kogaku! Yaani Canon ya kwanza ilikuwa inaona kwa jicho la mpinzani wake. Mwambie hivyo shabiki wa upande wowote uone atakavyonuna.

Lakini chanzo chenyewe cha ubishi si historia, ni pete ya chuma. Mbele ya kamera hizi kuna mdomo, yaani pale lenzi inapoingia na kufungwa. Nikon ilianza kutumia mdomo wake uitwao F mwaka 1959. Canon ilikuwa na wake uitwao FD, lakini mwaka 1987 ikautupa na kuleta EF, ili mota ya kulenga ikae ndani ya lenzi na mawasiliano yote yapite kwa umeme. Waliokuwa na lenzi za FD waliachwa kwenye mataa. Mpaka leo watu wa Nikon wakilisimulia hilo wanaliita usaliti, na watu wa Canon wanaliita ujasiri. Mwamba ngozi huvutia kwake.

Kwa nini lenzi ya huyu haikai kwa yule? Tuweke hesabu mezani. Kutoka mdomo wa F hadi filamu, au kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ni milimita 46.5. Kwa EF ni milimita 44. Tofauti ni milimita 2.5 tu. Hiyo ina maana lenzi ya Nikon inaweza kufungwa kwenye Canon kwa kuweka pete nyembamba katikati, ingawa kulenga itabidi ufanye kwa mkono. Kinyume chake ni balaa: lenzi ya Canon ikiwekwa kwenye Nikon inakaa mbali mno na kibao, na vitu vya mbali havitulii, vinabaki ukungu. Milimita mbili na nusu zimewagawa watu duniani kote!

Ongeza vidole. Pete ya kuvuta picha karibu inazungushwa upande mmoja kwenye lenzi za Canon na upande mwingine kwenye za Nikon. Mtu aliyezoea moja miaka mitano akishika nyingine anajiona mshamba, halafu anasema kamera ndiyo mbovu.

Sasa tia pesa. Mtu huanza na kamera na lenzi moja. Mwaka wa pili ananunua lenzi ya mbali, wa tatu flashi. Akifika hapo, kuhama maana yake ni kuuza vyote kwa bei ya mtumba na kuanza upya. Hawezi. Na kwa kuwa hawezi, anajiambia kuwa hataki. Huo ndio unaoitwa uaminifu kwa jina la kiwanda: mara nyingi ni ndoa ya gharama, na mapenzi yanakuja baadaye kuipamba.

Turudi Ras al Jinz tuupime ubishi huo. Pale flashi ni marufuku, na kwa sababu nzuri. Mwanga humshtua kasa anayepanda kutaga, akarudi baharini bila kutaga, na vifaranga hutafuta bahari kwa kufuata upande wenye mwanga, hivyo taa huwapoteza. Basi una mwanga hafifu wa alfajiri tu. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake hufikia f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kampuni zote mbili zinatengeneza kwa bei ya mwananchi, hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Palipohitaji moja ya tano ya sekunde, ambapo mkono unatikisika na picha inaharibika, sasa unapiga kwa moja ya hamsini. Mwenye lenzi hiyo atarudi na picha, awe na Canon awe na Nikon. Jina lililoandikwa kwenye mkanda halimwongezei kasa mwanga hata chembe.

Hata hivyo upinzani wenyewe una faida kwetu wanunuzi. Mwaka 2003 Canon ilileta EOS 300D kwa bei iliyo chini ya dola 1,000, na mwaka 2004 Nikon ikajibu kwa D70. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawa wawili hawakupeana nafasi ya kulitia. Baadaye Sony nayo ikaingia kwa nguvu na kamera zisizo na kioo cha ndani, na mwaka 2018 wote wawili, Canon na Nikon, wakaleta midomo mipya, RF na Z. Lenzi za zamani zinakaa kwa kutumia pete maalumu, ila kwa pete ya Nikon ni zile zenye mota ndani tu ndizo zinazojilenga zenyewe.

Basi kabla hujatoa pesa, uliza kwanza: huyo ninayempelekea ana lenzi gani? Tuseme kaka yako anapiga picha za harusi Mwanza na ana lenzi tatu za Canon. Ukimpelekea Nikon kwa sababu ulikuta punguzo, atakushukuru kwa adabu, kisha ataiuza. Na kwa wanaonunua mitumba, tahadhari: Nikon ndogo kama D40 ya mwaka 2006 hazina mota ndani, kwa hiyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zinafunga vizuri lakini hazijilengi.

Kama hana lenzi yoyote, nunua mdomo unaotumiwa na rafiki zake, ili waazimane. Hata sisi hapa chamani tungeandika orodha ya nani ana lenzi gani, tungeokoa pesa nyingi. Ubishi tuendelee nao, hauna ushuru.